Kimberley: Jimbo la Uchaguzi na Daftari Lake

Katika pembe ya kaskazini-magharibi ya bara la Australia, mahali ambapo Bahari ya Hindi, ile ile iliyobeba majahazi ya wazee wetu kwenda Maskati na Malabari, hujaa na kupwa kwa nguvu isiyo na mfano huku kwetu, hata maji ya bamvua katika bandari ya Derby yakapanda zaidi ya mita 11, ipo nchi iitwayo Kimberley. Ni nchi ya majabali mekundu, na ya mito inayofurika wakati wa mvua na kukauka wakati wa kiangazi, na ya miti minene yenye matumbo makubwa ambayo mtu wa pwani yetu akiiona hana haja ya kuuliza, kwa kuwa ni jamaa ya mbuyu. Eneo lake lapita kilomita za mraba 400,000, yaani zaidi ya thuluthi mbili za Kenya nzima, na wakazi wake ni takriban 35,000 tu. Wote hao kwa pamoja humpeleka mjumbe mmoja katika baraza la chini la kutunga sheria lililoko Perth, mji mkuu wa Australia ya Magharibi, ambao kutoka Broome, mji mkubwa wa Kimberley, ni safari ya zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara.

Historia ya jimbo hili la uchaguzi yastahili kusomwa na watu walio mbali nalo, kwa sababu ndani yake laonekana waziwazi jambo ambalo aghalabu hufichika katika vitabu vya sheria: kwamba haki ya kupiga kura yaweza kuandikwa katika kanuni, ikatiwa sahihi na gavana na kupigwa chapa katika gazeti la serikali, kisha ikachukua miaka mingi kabla ya kumfikia mwenyewe, na mahali inapopatikana au kupotea ni pale mezani, baina ya karani aliyeshika daftari na mtu aliyesimama mbele yake.

Kabla ya mwaka 1901, ambapo makoloni sita ya Kiingereza yaliungana kuwa Shirikisho moja la Australia, Australia ya Magharibi ilikuwa koloni lenye mambo yake peke yake, na hata leo, ijapokuwa ni dola moja tu katika dola sita za Shirikisho hilo, ina Waziri Mkuu wake, mahakama zake na mabaraza yake. Mwaka 1879 mpimaji wa ardhi, Alexander Forrest, aliivuka Kimberley pamoja na wenziwe, kwa farasi na kwa miguu, akarudi na habari za malisho mapana yasiyo na mwisho. Habari hizo ziliwaleta wafugaji. Baadhi yao, kama aila ya Durack, waliswaga ng'ombe wao kutoka Queensland kuanzia 1883 hata wakawasili ukingoni mwa mto Ord mwaka 1885, baada ya mwendo wa zaidi ya miaka miwili. Mwaka huo huo ikapatikana dhahabu karibu na Halls Creek, wakaja wachimbaji kwa maelfu, na dhahabu ilipopungua wengi wakaondoka kama walivyokuja.

Koloni lilipopewa serikali yake mwaka 1890, baraza la chini likawekwa wajumbe 30, na Kimberley, iliyokuwa na wazungu wachache mno, ikapewa viti viwili, kimoja cha mashariki na kimoja cha magharibi. Mjumbe wa kwanza wa Kimberley Magharibi alikuwa Alexander Forrest yule yule, ambaye baada ya safari yake alikuwa amegeuka dalali wa ardhi, akiwapatia watu hati za kukodisha nyika zile zile alizozigundulia wafugaji. Na Waziri Mkuu wa kwanza wa koloni alikuwa ndugu yake, John Forrest. Hapana haja ya kumtukana marehemu ili kuona mambo yalivyokuwa: aliyeipima ardhi aliiuza, na aliyeiuza akaiwakilisha.

Wakati huo wenyeji wa asili, Wabunuba, Wagija, Wayawuru, Wanyikina na wengineo, ambao nasaba zao katika nchi hiyo zahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya miaka, ndio waliokuwa wengi, lakini hawakuwamo katika hesabu ya wapiga kura. Sheria ya 1893, iliyowaondolea wanaume wa kizungu sharti la kuwa na mali, ilimbakishia mwenyeji sharti hilo, kwamba asipige kura mpaka awe na ardhi yake kwa hati ya Kiingereza, ilhali ardhi aliyokuwa nayo pasipo hati ndiyo iliyokwisha kukodishwa kwa wafugaji. Wenye kupinga walipinga kwa silaha. Jandamarra, Mbunuba aliyewahi kuwatumikia polisi kama mfuata nyayo, aliwapiga vita kuanzia 1894 hata alipouawa karibu na Tunnel Creek mwaka 1897. Na tume ya Dakta Roth ya 1904 ilipokwenda kuchunguza hali ya wenyeji, iliripoti jinsi polisi walivyowasafirisha watuhumiwa kwa minyororo ya shingoni. Msomaji aliweke moyoni jambo hili la polisi, maana litarudi katika habari ya daftari.

Mwaka 1904 viti viwili viliunganishwa kuwa jimbo moja, Kimberley, na ukiwatazama wajumbe wake wa kwanza utadhani wasoma orodha ya matajiri wa nchi. Francis Connor alikuwa mfanyabiashara wa Wyndham na mshirika katika kampuni kubwa ya ng'ombe. Arthur Male, aliyemfuata 1905, alikuwa tajiri wa lulu wa Broome. Michael Patrick Durack, aliyechukua kiti 1917, alikuwa wa aila ile ya wafugaji, mshirika wa Connor katika kampuni yao. Ng'ombe, chaza, kisha ng'ombe tena. Wapiga mbizi wa Broome waliozama kuleta makombe ya lulu, Wajapani, Wamalai, watu wa Kupang, Wafilipino, na kabla yao wenyeji wa asili waliozamishwa kwa nguvu, hawakuwa na sauti katika kumchagua mjumbe.

Sheria iliyowafungia mlango ni Sheria ya Uchaguzi ya 1907, nayo ilikuwa wazi kabisa. Ilimkataza kuandikishwa mwenyeji wa asili wa Australia, wa Asia, wa Afrika au wa visiwa vya Pasifiki, pamoja na mtu wa damu iliyochanganyika nusu kwa nusu. Afrika imetajwa humo kwa jina lake. Baharia wa Lamu au wa Unguja, lau angelishuka Broome na kukaa huko miaka ishirini kwa jasho lake, angelikutana na kifungu hicho hicho kilichomzuia Mbunuba katika nchi ya mababu zake. Na kwa hiyo habari hii si ya watu wengine kabisa.

Mwaka 1924 Durack aliondoka na kiti kikaangukia chama cha Leba, mikononi mwa Aubrey Coverley, aliyekishika mpaka alipofariki 1953. Serikali ilikuwa imefungua kiwanda cha nyama Wyndham mwaka 1919, na hapana shaka kwamba wachinjaji wa kiwanda, makuli wa bandarini na wachunga ng'ombe wa kuajiriwa walikuwa wamekwisha kuwa wengi kuliko mabwana wa mashamba. Hivyo kiti kilitoka kwa mabwana kikaenda kwa wafanyakazi. Lakini walikuwa wafanyakazi wazungu, na chama cha wafanyakazi hakikufanya haraka kuwafungulia mlango wale waliofanya kazi kwa posho ya unga, chai na nyama.

Kuna kisa kidogo cha miaka hiyo kitakachomgusa msomaji wa Afrika Mashariki. Mwaka 1939 Isaac Steinberg, kwa niaba ya jumuiya ya Mayahudi, alifika Kimberley akitaka kuinunua ardhi ya kampuni ya akina Durack ili wahamiaji 75,000 waliokimbia mateso ya Ulaya wapate kukaa. Kama vile mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilivyowatolea Mayahudi uwanda wa Uasin Gishu pasipo kuwauliza Wanandi, ndivyo na huku nchi ilivyozungumzwa kana kwamba ni tupu. Serikali ya Shirikisho ikakataa mwaka 1944. Walioulizwa walikuwa wenye hati, maaskofu, wenye magazeti na wakubwa wa vyama. Waliokuwa wakiishi humo hawakuulizwa na upande wowote.

Mwaka huo huo wa 1944, wakati Coverley alipokuwa Waziri wa mambo ya Kaskazini-Magharibi, Baraza la Australia ya Magharibi lilipitisha sheria ya kuwapa baadhi ya wenyeji shahada za uraia. Mwombaji alitakiwa athibitishe mbele ya hakimu kwamba kwa muda wa miaka miwili amekata uhusiano na kabila lake, isipokuwa jamaa zake wa karibu kabisa, na kwamba mwenendo wake ni wa kistaarabu. Na shahada yenyewe iliweza kunyang'anywa. Watu waliotembea na karatasi hizo mifukoni waliziita vibali vya mbwa. Sioni namna ya kuilaumu lugha yao, maana raia wa kweli haombwi kuwakana jamaa zake ndipo aandikwe.

Mlango wa sheria ulifunguliwa mwaka 1962. Shirikisho na Australia ya Magharibi, kila moja kwa sheria yake, waliwapa wenyeji wa asili haki ya kupiga kura. Lakini wakati mzungu alilazimishwa kuandikishwa, la sivyo atozwe faini, mwenyeji aliachiwa hiari. Hiari hiyo yaonekana kama heshima, na wako walioisifu. Lakini katika nchi ambamo karani hamfikii mtu asiye na anwani, na ambamo bwana wa shamba ndiye mwenye gari, hiari ilikuwa na maana ya kwamba daftari litabaki karibu kama lilivyokuwa.

Kilicholibadilisha daftari kilitoka upande ambao hakuna aliyeutazamia. Mwaka 1966 baraza la usuluhishi la Shirikisho liliamua kwamba wachunga ng'ombe wenyeji wa Eneo la Kaskazini (Northern Territory) walipwe sawa na wazungu, na kufikia miaka ya mwisho ya muongo huo kanuni ya ujira sawa ikaingia Kimberley pia. Mashamba mengi, badala ya kulipa, yakawaondosha watu pamoja na wazee na watoto wao, na aila zilizokuwa zimekaa kwenye mashamba hayo kwa vizazi zikajikuta zikipiga kambi kandokando ya Fitzroy Crossing, Halls Creek na Derby. Ilikuwa dhiki kubwa, na athari zake hazijesha. Lakini watu waliokuwa wametawanyika katika nyika, kila kundi chini ya bwana wake, sasa walikusanyika karibu na vituo vya kupigia kura, pasipo bwana.

Mjumbe wakati huo alikuwa Alan Ridge wa chama cha Liberali, aliyekipata kiti 1968 baada ya John Rhatigan wa Leba na baadaye akawa waziri katika serikali ya Sir Charles Court. Katika uchaguzi wa Februari 1977 Leba ilimsimamisha Ernie Bridge, mtu wa Halls Creek, mfugaji, mwimbaji wa nyimbo za wachunga ng'ombe, aliyepata kuwa mkuu wa baraza la wilaya yake, na mwenyeji wa asili. Februari huko ni katikati ya mvua, wakati mito hukata njia na magari hukwama kwa siku nyingi. Hata hivyo watu walikuja vituoni kwa wingi usiopata kuonekana.

Yafaa tueleze namna ya kura zao. Katika Australia ya Magharibi mpiga kura hatii alama moja tu; huwapanga wagombea wote kwa tarakimu, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kuendelea, na kila chama huwapa wafuasi wake karatasi iliyochapwa mpango kinaoupenda. Asiyejua kusoma humwambia msimamizi wa kituo akamwandikia. Wazee wengi wa Kimberley, ambao skuli hazikuwahi kuwakubali, walimletea msimamizi karatasi ya chama walichokitaka, wakiashiria kwamba kura yao iwe hivyo. Lakini chama cha Liberali kilikuwa kimewaleta kwa ndege mawakili kutoka Perth, wakakaa vituoni kama mawakala wa mgombea, wakiwapinga wasiosoma mmoja baada ya mmoja, na wakishikilia kwamba karatasi haitoshi, sharti mtu atamke mwenyewe kwa kinywa majina na mpangilio wake. Maagizo kutoka Perth yakaegemea upande huo. Mzee asimame mbele ya wageni waliovaa suti, aulizwe kwa Kiingereza ambacho ni lugha yake ya tatu au ya nne, na foleni nyuma yake imsikilize! Wengi walirudishwa, na wengine, walipoona wenzao wanavyofanywa, wakaondoka wenyewe. Kura zilipohesabiwa Ridge alishinda kwa 93.

Bridge akaenda mahakamani. Kesi ikachukua muda mrefu, mashahidi wakasikilizwa, na Novemba 1977 jaji akaubatilisha uchaguzi, kwa kuwa ilithibitika kwamba watu wenye haki walizuiwa kupiga kura, na idadi yao ilitosha kugeuza matokeo. Ilikuwa hukumu ya insafu, na katika nchi ambayo mahakama zake kwa miaka mingi zilikuwa zimewajua watu hawa kama washitakiwa tu, ilikuwa jambo kubwa kwamba ushahidi wao ulisikilizwa na kuaminiwa. Serikali kwa upande wake ikaleta muswada wa kubana msaada kwa wasiosoma, ukashindwa barazani. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 17 Desemba 1977, na Ridge akashinda tena.

Wapo wanaoisimulia habari hii wakaishia kwenye hukumu, kana kwamba jaji alikwisha kuitengeneza. Hakuitengeneza. Mwaka 1979 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa hivi kwamba mtu anayeomba kuandikishwa ashuhudiwe na watu wa namna chache tu: mwamuzi wa amani, polisi, karani wa mahakama au afisa wa uchaguzi. Katika kambi iliyo kilomita mia mbili kutoka mjini, mtu wa namna hiyo aliye karibu ni polisi. Na mjukuu wa aliyefungwa mnyororo wa shingoni akaambiwa kwamba ili awe mpiga kura aende kituo cha polisi. Walioamua kwenda walikwenda. Vyama vya wenyeji na wafuasi wa Leba wakazunguka kambi kwa kambi wakiwafundisha watu kutamka mpangilio wa majina mpaka ukawakaa vinywani, na Februari 1980 Bridge akamshinda Ridge. Akawa mwenyeji wa asili wa kwanza kuingia Baraza la Australia ya Magharibi, miaka 90 baada ya Kimberley kupata viti vyake vya kwanza.

Nusu ya mwaka haijapita akakabiliwa na mtihani. Katika shamba la Noonkanbah, ambalo jamaa ya Yungngora walikuwa wamerudishiwa wafuge wenyewe, kampuni ilitaka kutoboa ardhi kutafuta mafuta karibu na mahali wazee wanapopaheshimu kwa dini yao, na Agosti 1980 serikali ya Court ikautuma msafara wa malori kutoka kusini, ukilindwa na polisi, na wazee na makasisi waliokaa njiani kuuzuia wakakamatwa. Kisima kikatobolewa, mafuta hayakupatikana. Mjumbe mmoja katika baraza hawezi kuuzuia msafara. Lakini kwa mara ya kwanza aliyesimama kule Perth kuisemea Kimberley alikuwa mtu ambaye jamaa zake walikuwamo katika habari yenyewe. Mwaka 2007 mahakama ya Shirikisho ikatambua haki ya asili ya watu wa Noonkanbah juu ya ardhi hiyo.

Mwaka 1986 Bridge aliapishwa kuwa waziri kamili, wa kwanza kati ya wenyeji wa asili katika serikali yoyote ya Australia. Alikuwa na ndoto ya kuyapeleka maji ya mito ya Kimberley mpaka Perth kwa bomba, na aliishikilia hata wataalamu walipomwonyesha gharama zake. Mwaka 1996 alikiacha chama chake, akasimama peke yake, na jimbo likamrudisha. Likamchagua mtu, chama kikabaki nyuma. Alistaafu 2001, akafariki 2013.

Aliyemrithi, Carol Martin wa Leba, akawa mwanamke wa kwanza wa asili kuchaguliwa katika baraza lolote la Australia. Miaka yake ya mwisho ilitawaliwa na mpango wa kujenga kiwanda cha gesi James Price Point, kaskazini ya Broome, uliowagawa watu wa Kimberley mpaka ndani ya nyumba zao, wengine wakitaka ajira na fedha za fidia, wengine wakitetea ufuko na makaburi. Mwaka 2013, aliostaafu, kampuni ikauacha mpango huo. Josie Farrer, Mgija wa Halls Creek, ndiye aliyefuata, na muswada alioupeleka kwa jina lake mwenyewe ukapita mwaka 2015: katiba ya Australia ya Magharibi, iliyokuwa kimya juu ya jambo hilo, sasa yawatambua wenyeji wa asili kuwa ndio watu wa kwanza wa nchi. Mwaka 2021 akaingia Divina D'Anna wa Broome. Tangu 1980 kila mjumbe wa Kimberley amekuwa mwenyeji wa asili, ingawa wenyeji ni kama wanne katika kila watu kumi wa jimbo.

Kiti chenyewe chalindwa na hesabu ya ajabu. Sheria ya 2005, iliyoleta kanuni ya kura moja thamani moja katika baraza la chini, ambalo leo lina wajumbe 59, iliweka nafuu kwa majimbo mapana: lile linalopita kilomita za mraba 100,000 huongezewa, juu ya wapiga kura wake halisi, idadi iliyo sawa na asilimia 1.5 ya eneo lake. Kwa Kimberley ziada hiyo yapita 6,000. Maelfu ya watu hai waliishi katika nchi hii kwa miaka 72 baada ya kupewa viti wakihesabiwa sifuri, na leo sheria yazihesabu kilomita za nyika kana kwamba ni watu. Siipingi nafuu hiyo, maana pasipo hiyo mjumbe angelitakiwa kuhudumia nchi pana zaidi ya anayoshindwa kuimaliza sasa. Lakini ni vema ijulikane kwamba serikali iliweza kila wakati kuhesabu kwa namna ilivyotaka.

Siku hizi, kabla ya siku kuu ya uchaguzi, makarani huruka kwa ndege ndogo wakiwa na masanduku yao kwenda Kalumburu, Balgo na vijiji vingine vya mbali, hukaa saa chache, kisha huruka tena. Atakayekuwa msibani siku hiyo, au safarini kwa ada za jamaa zake, sanduku humpita. Kimberley ingali miongoni mwa majimbo ambayo watu wake hupiga kura kwa uchache kuliko yote ya dola, na wengi hawajaandikishwa hata leo, ijapokuwa tangu miaka ya 1980 kuandikishwa ni wajibu wa sheria kwa kila raia. Hao hawamo katika daftari. Nyika wanayokaa imo katika hesabu.